Wasomaji Wauliza: Saba Aprili kwa Hesabu ya Nani?

Katika toleo lililopita tuliweka kijisanduku chenye kichwa "Siku kama ya leo", tukataja mambo matano yaliyotukia tarehe 7 Aprili katika miaka mbalimbali: kufika kwa Vasco da Gama Mombasa mwaka 1498, kifo cha Toussaint Louverture mwaka 1803, kuzaliwa kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1948, kuuawa kwa Sheikh Abeid Amani Karume mwaka 1972, na mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Kijisanduku kile hakikuzidi mistari kumi, lakini kimetuletea barua nyingi kuliko makala zetu ndefu. Hatuwezi kuzichapa zote. Tumechagua tano, na kwa kuwa ya kwanza imetukuta na kosa, ni haki tuanze nayo.

*

*Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya upili huku Likoni. Mliandika kwamba Vasco da Gama "aliingia bandari ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498". Mwanafunzi wangu mmoja ameniletea hesabu aliyoitoa kwenye programu ya kalenda katika simu, nayo inaonyesha kwamba siku hiyo ilikuwa tarehe 16 Aprili. Nilimwambia kuwa vitabu vyote vinasema 7, naye akaniuliza kama vitabu vyote haviwezi kukosea pamoja. Nimjibu nini?*

Mwalimu, mwanafunzi huyo apewe alama zake, na vitabu vyako navyo usivitupe, kwa sababu pande zote mbili zinaitaja siku ile ile, kila upande kwa kalenda yake. Wareno wa mwaka 1498 walihesabu siku zao kwa kalenda iliyowekwa na Julius Caesar, ambayo kila mwaka wa nne huongezewa siku moja bila kubagua. Mwaka wa kalenda hiyo una siku 365 na robo, ilhali mwaka wa jua ni mfupi kuliko hivyo kwa dakika 11 hivi. Dakika hizo ni chache kwa mtu mmoja, lakini zikilimbikana kwa muda wa miaka mia na thelathini hivi huwa siku nzima, na ndiyo maana Papa Gregory wa 13 alipoamuru masahihisho mwaka 1582 ilibidi siku kumi zirukwe. Katika nchi zilizomfuata mara moja, Ureno ikiwemo, watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15. Uingereza ilikawia hadi mwaka 1752, na kufikia hapo pengo lilikuwa limekwisha kuwa siku 11. Mwaka 1498 pengo lilikuwa siku tisa, na saba ukiijumlisha na tisa ndipo inapotoka 16 ya mwanafunzi wako.

Ada ya wanahistoria ni kuziacha tarehe za kabla ya masahihisho kama zilivyoandikwa na watu wa wakati huo. Tumebaki na daftari la safari ile, lililoandikwa na mmoja wa waliokuwamo merikebuni, nalo linasema kwamba walitia nanga mbele ya Mombasa siku ya Jumamosi, tarehe 7 Aprili, na kwamba kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Mtu akiigeuza kila tarehe ya daftari hilo kwa kalenda yetu, Jumamosi itabaki Jumamosi, lakini msomaji atakayetaka kulilinganisha na hati nyingine za Kireno za miaka hiyo atapotea njia. Kwa hiyo darasani na katika mtihani, jibu ni 7.

Hata hivyo kuna mahali ambapo 16 ya mwanafunzi wako ina manufaa kuliko 7 ya vitabu, napo ni baharini. Pepo hazifuati kalenda ya Kaisari wala ya Papa, zinalifuata jua. Kila mvuvi wa hapa anajua kwamba Aprili ni wakati wa malelezi, kaskazi ikiishiwa nguvu na kusi ikianza kushika. Da Gama aliondoka Malindi kuelekea India tarehe 24 Aprili, akafika pwani ya Calicut tarehe 20 Mei. Anayezisoma tarehe hizo kana kwamba ni za kalenda ya leo atadhani aliondoka mapema, kusi ikiwa bado changa. Akiongeza siku tisa atakuta kwamba kwa hesabu yetu chombo kiling'oa nanga tarehe 3 Mei, wakati upepo ulipokuwa umekwisha kugeuka, na safari nzima itamwelea vizuri zaidi. Manahodha wa pwani hii walikuwa na mwaka wao wa jua unaoanzia Nairuzi, wakizihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, ili wajue lini pa kusafiri na lini pa kupandisha chombo pwani. Mwaka huo nao una dosari yake, kwa sababu hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo kila baada ya miaka minne hurudi nyuma siku moja. Haijapata kuwapo kalenda isiyovuja.

Sasa kosa letu, ambalo wewe hukulitaja lakini umetuonyesha ulipoyanukuu maneno yetu: neno "aliingia". Siku ile merikebu tatu za Wareno zilitia nanga nje, hazikuingia bandarini. Daftari linasimulia kwamba usiku wa manane kilikuja chombo chenye watu wapatao mia, wamechukua panga na ngao, wakitaka kupanda merikebuni, wakaruhusiwa wachache tu. Kesho yake mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa kwa wingi, pamoja na pete iwe dhamana ya amani. Da Gama mwenyewe hakukanyaga nchi kavu. Alituma watu wawili, wakatembezwa mjini na kurudishwa na mfano wa karafuu na pilipili manga ambazo mfalme alikuwa tayari kuwapakilia. Siku ya Jumanne, tarehe 10, waling'oa nanga ili waingie, lakini merikebu ya da Gama ilikataa kugeuka, ikarudi kinyumenyume kuelekea ile iliyokuwa nyuma yake, nanga zikatupwa tena kwa haraka, na katika msukosuko huo marubani waliochukuliwa Msumbiji wakajitosa majini wakaogelea. Wareno waliamini kwamba wametegewa mtego. Watu wa Mvita nao walikuwa na sababu za kuwashuku wageni hao, ambao huko Msumbiji walikuwa wamekwisha kufyatua mizinga. Ijumaa tarehe 13 waliondoka, Jumamosi jioni wakawa mbele ya Malindi, na Jumapili ikawa Pasaka. Kwa hiyo tunajisahihisha: tarehe 7 Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Mombasa, na bandarini hakuingia siku hiyo.

*

*Assalaam aleikum. Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema 7 Aprili 1955, ndiyo maana nilikisoma kijisanduku chenu kwa makini. Wajukuu wangu wametazama kwenye simu wakakuta kwamba siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Marehemu mama yangu, Mungu amrehemu, mpaka anaaga dunia hakuacha kusema kwamba alinizaa usiku wa Ijumaa, baada ya Isha, mbalamwezi ya Shaaban imejaa uani. Wajukuu wananicheka, wanasema ama nyanya yao alisahau ama karani alikosea. Nani mkweli?*

Waaleikum salaam, mzee wangu, nami nakuamkia kwa heshima. Mama yako hakusahau, na karani hakukosea. Wajukuu ndio waliosahau jinsi sisi wenyewe tunavyohesabu siku.

Siku ya Waswahili huanza jua linapotua. Saa moja ya usiku ndiyo saa ya kwanza ya siku mpya, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, ambao vijana wa leo huuita Alhamisi usiku. Maulidi yasemwapo kuwa ni usiku wa Ijumaa, hakuna mtu mzima wa Mji wa Kale anayejitokeza siku ya Ijumaa baada ya magharibi akashangaa kukuta mikeka imekwisha kukunjwa. Karani wa serikali alitumia hesabu nyingine, ambayo siku yake hugeuka saa sita za usiku, na kwa hesabu hiyo mtoto aliyezaliwa baada ya Isha bado ni wa Alhamisi, tarehe 7. Mama yako alikuwa amekwisha kuingia Ijumaa tangu adhana ya magharibi. Walitaja saa moja ile ile.

Kuhusu mbalamwezi, tumehesabu. Tarehe 7 Aprili 1955 mwezi ulikuwa mpevu kabisa, na jedwali za Hijria zinaiweka siku hiyo tarehe 14 Shaaban mwaka 1374. Tunasema jedwali, kwa sababu mwezi wa kuonekana kwa macho huenda ukapishana na mwezi wa jedwali kwa siku moja, na inawezekana kwamba waliouona mwandamo hapa Mombasa mwaka ule walihesabu siku yako kuwa ya 13. Vyovyote iwavyo, Shaaban ilikuwa katikati na uani palikuwa peupe. Wengi wa rika lako hawana bahati hiyo. Vitambulisho vyao vina mwaka mtupu, au vina 1 Januari, kwa sababu tu karani aliyekuwa mezani alitaka kitu cha kujaza. Wewe una tarehe ya serikali, una siku ya wiki, na una mwezi angani, na vyote vitatu vinakubaliana.

Tulipokuwa tukikufanyia hesabu hiyo tulikumbana na jambo ambalo hatukulitafuta. Jumamosi ile ya mwaka 1498, Wareno walipotia nanga, nayo kwa jedwali ilikuwa tarehe 14 Shaaban, mwaka 903 wa Hijria. Kati ya jioni ile na kuzaliwa kwako imepita miaka 457 ya Miladia, ukiondoa siku tisa za masahihisho, na miaka 471 ya Hijria kamili, yaani miezi mwandamo 5,652. Maana yake ni kwamba merikebu zile zilitia nanga mwezi ukiwa mpevu au karibu na upevu, na kwamba usiku ule ambao watu mia walikwenda kuwatazama wageni, Waislamu wa mji huu walikuwa wakiingia, au wamekaribia kuingia, nisfu Shaaban. Wareno nao walikuwa wakiingoja Pasaka yao, ambayo hupangwa kwa kuufuata mwezi mpevu. Katika vitabu vingi vya safari ile Jumapili ya Matawi hutajwa, na Shaaban haitajwi hata mara moja, ingawa mji wenyewe ulikuwa katika Shaaban.

*

*Ndugu Mhariri, mimi kwetu ni Unguja, nimeolewa hapa Makadara tangu mwaka 1968. Mliandika tu kwamba Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Mimi nashikilia kwamba ilikuwa Ijumaa. Mwanangu anashikilia Jumamosi, kwa sababu nimewahi kumweleza kwamba habari niliipata Jumamosi asubuhi nikiwa sokoni. Tena, kwa nini Tanzania hawaendi kazini siku hiyo na sisi huku tunaenda?*

Bibi yangu, shikamoo. Ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa jioni, katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, mjini Zanzibar, na Sheikh Karume alikuwa katika mchezo wa bao kama ilivyokuwa desturi yake, washambuliaji walipoingia na kumpiga risasi. Mwanao anatufunza, bila ya kujua, jambo ambalo huwakuta wengi: tarehe tunayoikumbuka mara nyingi ni ile tuliyoipata habari, na katika miaka ile habari ya jioni ya Unguja iliweza kabisa kukufikia wewe Makadara siku ya pili.

Karume alikuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na baada ya Muungano akawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania. Nafasi yake ya urais wa Zanzibar ilichukuliwa na Sheikh Aboud Jumbe. Mapumziko ya tarehe 7 Aprili yamo katika sheria za Tanzania, ambako siku hiyo huitwa Siku ya Karume, na hitma yake husomwa Kisiwandui, ambako ndiko alikozikwa. Kenya ina mashujaa wake na tarehe zake. Lakini wewe, kwa kuwa umetoka huko, hakuna atakayekuzuia kusoma Fatiha siku hiyo hata kama mumeo amekwenda kazini.

*

*Mhariri, mimi ni kijana wa Kisauni. Nimeitazama orodha yenu nikaogopa: Mreno anakuja, Louverture anafia gerezani, Karume anapigwa risasi, Rwanda inateketea. Babu yangu alikuwa akisema kuna siku za nuhusi, ambazo mtu hasafiri wala haposi. Posa yangu imepangwa kupelekwa tarehe 7 Aprili ijayo. Je, niisogeze?*

Mwanangu, usiisogeze kwa ajili yetu. Orodha ile tuliichagua sisi, tena kwa mwelekeo wa kusikitisha, na lawama ya hofu yako ni ya aliyechagua.

Fikiri hivi. Tarehe za kalenda ni 366 tu, hata ukiiweka ile ya 29 Februari, na historia iliyoandikwa ina vifo, vita na mazazi yasiyohesabika. Vyote hivyo lazima vigawane nafasi hizo chache. Katika darasa lenye wanafunzi 23, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu kidogo. Darasa likifika wanafunzi 40, uwezekano huo unakaribia asilimia 89, na kama wawili hao watakuwapo, mwalimu hana haja ya kumwita mnajimu. Chagua tarehe yoyote utakayo, 3 Machi au 19 Septemba, utupe wiki moja, tutakuletea misiba mitano ya kukuzuia kuposa. Utupe wiki nyingine, tutakuletea furaha tano za tarehe hiyo hiyo.

Kwa tarehe 7 Aprili furaha hizo si chache. Mwaka 1506, miaka minane kamili baada ya Wareno kutia nanga hapa, alizaliwa Navarre mtoto aliyekuja kuitwa Mtakatifu Francis Xavier, ambaye mwaka 1542 alipita Malindi akiwa njiani kwenda Goa. Mwaka 1770 alizaliwa mshairi William Wordsworth wa Uingereza, na mwaka 1889 huko Chile alizaliwa Gabriela Mistral, mwalimu wa shule aliyekuwa mwandishi wa kwanza wa Amerika ya Kusini kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1945. Mwaka 1915 alizaliwa Philadelphia mwimbaji Billie Holiday. Mwaka 1954 alizaliwa Hong Kong Jackie Chan, ambaye mateke yake yamewavunjia mama zetu vikombe vingi kwa kuigwa na watoto sebuleni.

Tena si kila tarehe iliyomo orodhani ni ya aina moja, na hapa ndipo kijisanduku chetu kilipowachanganya wasomaji. Kuna tarehe ambayo jambo lilimkuta mtu, kuna tarehe ambayo karatasi ilitimia, na kuna tarehe ambayo watu waliketi wakaichagua.

Louverture ni wa aina ya kwanza. Kiongozi huyo wa watumwa waliojikomboa katika koloni la Saint-Domingue alikamatwa mwaka 1802, akapelekwa Ufaransa na kufungwa katika Fort de Joux, ngome iliyoko milimani, yeye aliyezaliwa na kukulia katika joto la visiwa. Baridi na maradhi vilimmaliza tarehe 7 Aprili 1803. Sisi wa Mombasa, ambao Ngome ya Yesu yetu iliwahi kuwa gereza kwa miaka zaidi ya sitini chini ya Waingereza, tunaweza kuifahamu hadithi hiyo bila kuelezwa sana. Hakuna aliyeichagua tarehe ile, isipokuwa labda walinzi walioacha kumpelekea kuni za kutosha. Kisha, kabla ya miezi tisa kutimia, tarehe 1 Januari 1804, nchi yake ikatangaza uhuru kwa jina la Haiti.

Shirika la Afya Duniani ni la aina ya pili. Katiba yake ilitiwa saini New York tarehe 22 Julai 1946, lakini ilisema kwamba haitakuwa na nguvu mpaka nchi 26 wanachama wa Umoja wa Mataifa ziiridhie. Nchi zikaridhia moja moja, kwa kasi ya mabunge, na hesabu ilipotimia ilikuwa tarehe 7 Aprili 1948. Kama nchi moja ingewahi au ingechelewa kwa wiki mbili, Siku ya Afya Duniani, ambayo zahanati zetu huiadhimisha kwa kupima watu shinikizo la damu bila malipo, ingekuwa tarehe nyingine. Huwezi kuiita siku hiyo njema wala mbaya. Ni siku ambayo barua ya mwisho ilifika.

Rwanda inastahili maneno ya utaratibu zaidi, kwa sababu wako kati yetu watu ambao jambo hilo kwao si historia. Ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakirudi kutoka mkutano wa Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali baada ya saa mbili za usiku, Jumatano tarehe 6 Aprili 1994. Mauaji yalianza usiku ule ule, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 7, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa pamoja na askari kumi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliotumwa kumlinda. Katika siku zipatazo mia zilizofuata waliuawa watu wasiopungua 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, wengi wao Watutsi. Tarehe 7 iliwekwa kuwa mwanzo wa maombolezo kwa makusudi, ili yanayokumbukwa yawe mauaji ya raia na si kuanguka kwa ndege. Umoja wa Mataifa nao uliikubali tarehe hiyo kwa azimio la mwaka 2003. Hii ni aina ya tatu, tarehe iliyochaguliwa na walio hai kwa ajili ya waliokufa. Msomaji mmoja wa Tudor ametuandikia pia kwamba tumekosea, ilikuwa 6. Tumwambie kwamba ndege ilikuwa 6 kwa saa za uwanja wa ndege, na kwa hesabu ya mama wa yule mzee wa Kibokoni ulikuwa tayari usiku wa Alhamisi.

Sasa rudi kwenye posa yako. Babu yako alikuwa na elimu yake, nasi hatuna ruhusa ya kumdharau, lakini wanafalaki wa zamani walizitazama siku kwa mwezi mwandamo na nyota, si kwa tarehe za Miladia. Tarehe 7 Aprili kila mwaka huangukia siku nyingine ya Hijria, ikisogea mbele kwa siku kumi hadi kumi na mbili. Kwa hiyo hata kwa kanuni za babu mwenyewe, misiba ya 1803, 1972 na 1994 haina neno la kusema juu ya posa yako, kwa kuwa haikutokea katika siku moja. Muulize baba wa msichana kama siku hiyo atakuwapo nyumbani, na uulize mapema.

*

*Kwa Mhariri. Mimi na mume wangu, wakazi wa Ganjoni, tumebishana tangu kijisanduku chenu kitoke. Yeye anasema kuna Ravi maarufu wa India aliyezaliwa tarehe 7 Aprili, naye ni mpiga sitar. Mimi nasema Ravi huyo ni mwigizaji wa filamu, tena yule tuliyekuwa tukimtazama akicheza na viatu vyeupe. Tunaomba mtuamulie, maana aliyeshindwa atanunua biriani.*

Dada yetu, mtalazimika kula biriani kila mtu kwa fedha zake. Ravi Shankar, mpiga sitar, alizaliwa Benares tarehe 7 Aprili 1920. Jeetendra, mwigizaji wa viatu vyeupe, alizaliwa Amritsar tarehe 7 Aprili 1942, na jina lake la kuzaliwa ni Ravi Kapoor. Mume wako anazungumzia Ravi wa kwanza, wewe unazungumzia wa pili, na kama ilivyokuwa kwa mzee wa Kibokoni na wajukuu wake, hakuna kati yenu aliyesema uongo. Mkipenda kuendelea kubishana, mnaweza kubishana juu ya nani kati yenu alitaja jina la ukoo mwanzoni, lakini hilo si la gazeti.